Mtu wa Mkiani

Liuli, 12 Februari 2024

Mume wangu Meshack,

Salamu ziko ndani ya gunia la usipa, dagaa wetu wa ziwa, zitoe humo kabla mkeo Winnie hajazikaanga. Mimi mzima. Mikono ndiyo imechoka, na ndiyo maana nimekuachia umchukue chatu wetu Diwani, vinginevyo nisingekubali mjukuu wangu anipakilie kumbukumbu ya babu yake kwenye pikapu ya kukodi.

Ninaandika mwenyewe. Mlango wa shule siujui ulivyo, herufi nilizipata kisomo cha watu wazima nikiwa na mimba ya marehemu baba yako, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usinicheke. Simu sitaki. Ukinipigia nasikia upepo wa ziwa tu na wewe unasikia nikisema ndiyo, ndiyo.

Sasa sikiliza. Umekua na yule nyoka ndani ya nyumba, lakini kukaa na kitu si kukijua. Wewe ulikuwa mtu wa mkiani. Kichwani tangu babu yako afariki nilikuwa mimi. Leo wewe ndiye wa kichwani, na kichwani ndiko kwenye meno.

Kasha lake liwe na milango miwili, wa nje na wa ndani, ukifungua mmoja mwingine bado umefungwa. Kufuli, si kamba. Wavu usipitishe kidole gumba. Karai la maji liwe kubwa la kumtosha kujizamisha. Na usimlishe humo. Ukimlisha ndani ya kasha, kila mlango ukilia atajua chakula kimekuja, na mwenye mkono mlangoni ni wewe. Mhamishie kwenye pipa lake, ale huko, ukimrudisha umwache siku saba bila kumgusa.

Ukishika kuku, osha mikono kwa sabuni mpaka viwiko na shati ubadili. Diwani hasomi sura, anasoma harufu kwa ulimi. Kabla ya kumwinua mguse mgongoni kwa ile fimbo ya ndoano ya babu yako, ajue leo ni kushikwa na si kula. Jicho likiwa la rangi ya maziwa anataka kujivua gamba, haoni vizuri, na asiyeona huuma kwanza halafu ndiyo aulize.

La mwisho ndilo kubwa. Asishikwe na mtu mmoja. Yule ana uzito wa debe mbili za mahindi, na mahindi hayakukumbatii. Mmoja kichwani, mmoja mkiani. Akikuzunguka, wa mkiani ndiye anayekufungua, na anaanzia mkiani, asiguse huko kichwani. Chupa ya gongo iwe karibu. Si yako wewe, ni ya kumwagia mdomoni akiuma akakataa kuachia. Winnie ajifunze. Mwambie mke mwenzangu kwamba mkia hauna kinyaa, ni kama kushika kamba ya ng'ombe mkaidi.

Babu yako Osmund alimlea miaka kumi na miwili, tangu alipomkuta chini ya chanja cha usipa akiwa mwembamba kama mkanda. Akamwita Diwani kwa kuwa anakula mara moja halafu humwoni miezi. Tulipogundua ni jike jina lilikuwa limeshakaa. Miaka yote hiyo hakumshika peke yake hata mara moja. Moyo ndio uliomchukua, unajua mwenyewe.

Nijibu kasha lina milango mingapi, na ujibu nilichouliza.

Bibi yako na mke wako mkubwa,
Tadea

*

Mbinga, 10 Machi 2024

Shikamoo Bibi, mke wangu mkubwa.

Usipa umefika, nusu ameiba konda, nimemsamehe kwa sababu barua hakuila.

Bibi, usiwe na wasiwasi. Diwani amepata chumba kuliko mimi. Mzee Fakihi, mwenye nyumba, amenipa stoo ya nyuma aliyokuwa akiwekea kahawa. Kasha nimelitengeneza upya, nimelipaka rangi ya bluu, nimeandika jina lake kwa mbele. Fimbo ya Babu nimeitundika ukutani. Nikiishika nasikia jasho la mkono wake. Watu wengine wameachiwa mashamba, mimi nimeachiwa yule, na sioni nimepunjwa.

Winnie anashika mkia vizuri kuliko nilivyokuwa nikishika mimi. Jumamosi tulimpeleka Diwani Kitai siku ya soko ili watu wamwone, walijaa mpaka mama mmoja akasahau mtoto wake kwenye gari la mkaa. Mwanangu Antoni anaongea sasa, anasema "Ndiwani".

Winnie anakusalimu, anasema shikamoo.

Mjukuu wako,
Meshack

*

Liuli, 28 Machi 2024

Meshack,

Winnie akiniamkia aniamkie kwa mkono wake. Ile shikamoo imeandikwa na kalamu yako, imelala upande kama wewe ukiwa na homa.

Nimeuliza milango, umenijibu rangi. Milango ni mingapi?

Tadea

*

Mbinga, 7 Julai 2024

Shikamoo Bibi.

Nisamehe kwa kukaa kimya, pikipiki inanikimbiza. Milango ipo, usijali.

Nina habari ya kukufurahisha. Diwani amebadilika. Unakumbuka alivyokuwa akipiga mbao za kasha kwa pua, usiku tunafikiri ni wezi? Imekwisha. Tangu Mei hajapiga hata mara moja. Namwinua, namweka shingoni, anatulia kama mtungi. Fimbo ya Babu siitumii tena, ya nini kumgonga rafiki? Kitai watoto wanamshika kichwa. Kula pia amepunguza, nilimpa sungura Mei akamtapika, tangu hapo hajataka, na mimi simlazimishi.

Bibi, usikasirike, ila nadhani wewe na Babu mlimwogopa, na yeye akausikia woga wenu. Mimi simwogopi. Amenizoea, anajua mimi ni wa damu ya Osmund. Nikimbeba peke yangu nasikia kama Babu ameniwekea mkono begani.

Huku baridi ni kali, maji ya kunawa yanauma vidole. Nyumba ni kimya.

Meshack

*

Liuli, 16 Julai 2024

Meshack,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nimeishia kukaa chini.

Nyoka hajakuzoea. Nyoka ana baridi.

Umemtoa ziwani, kwenye mchanga unaochoma nyayo, ukampandisha milimani kwenu ambako mwezi wa Juni watu wanaongea wakitoa moshi. Yule hana moto wake mwenyewe tumboni. Moto wake ni jua. Akiukosa hatembei, hapigi, hali, na akila chakula kinamwozea ndani, ndiyo maana akamtapika sungura. Ule si upole. Ni kama mlevi aliyelala mtaroni ukasema ameokoka.

Na ana njaa ya miezi. Mwezi wa Oktoba joto likipanda ataamka, na atakayemkuta ameamka ni wewe, umemweka shingoni kama skafu, mikono inanuka kuku.

Mteremshe huku. Sikuombi. Kodi pikapu, mwache kwangu, tutaita watu wa Maliasili wamchukue kwa utaratibu wao. Kama hutaki, basi jiko la mkaa likae nje ya wavu upande mmoja wa kasha, upande wa pili ubaki na ubaridi ili achague mwenyewe pa kukaa, na wavu usiwe wa moto hata akiugusa. Lakini usimpashe moto kabla hujawa na mtu wa mkiani. Rudia mstari huo mara mbili.

Umesema "nikimbeba peke yangu". Umesema nyumba ni kimya. Nyumba yenye mtoto wa miaka miwili haiwi kimya. Winnie yuko wapi?

Tadea

*

Maguu, 20 Agosti 2024

Shikamoo Bibi,

Ni mimi Winnie. Dada Kalista, yule jirani yako, tumekutana mnadani akaniuliza mbona nimekonda, akasema Bibi anauliza habari zangu kwa kila anayetoka huku. Nikaona aibu. Nilidhani Meshack ameshakueleza.

Niko kwa wazazi wangu tangu tarehe mbili Machi. Nilikaa na yule mnyama wiki tatu. Milango uliyoandika sikuiona, palikuwa na mmoja, na umefungwa kwa kamba ya katani. Nilimwambia Meshack, akasema fundi atakuja. Asubuhi moja nilikwenda kumwamsha Antoni, nikaona godoro limeinuka upande wa ukutani. Nyoka alikuwa amejikunja pale nyuma yake, Bibi. Nadhani alifuata joto la mtoto. Nilimtoa mwanangu kwa kumvuta mguu. Meshack alipokuja alicheka kwa furaha, akasema, "Unaona? Amelala naye usiku kucha hajamfanya kitu. Anampenda." Siku hiyo hiyo nilipanda gari.

Mkia sijawahi kuushika hata siku moja.

Sijamkataa mume wangu. Nimesema aje kwetu Maguu, akae na baba yangu, aseme atachagua nini. Hajaja. Tunachuma kahawa, kila nikisikia pikipiki nanyoosha mgongo.

Kuna jambo nataka kukuuliza na usinione sina adabu. Kule Kitai niliwasikia watu wa ziwani wakisema Babu Osmund hakufa kwa moyo. Ni kweli?

Mkweo,
Winnie

*

Liuli, 1 Septemba 2024

Marahaba, mke mwenzangu.

Ulifanya vizuri kuondoka. Mtu akikuambia umemkimbia mumeo, mtume kwangu aniambie mimi.

Umeuliza. Miaka tisa sijaulizwa na mtu mbele ya uso wangu, nami nilikwisha kujua kwamba siku nikiulizwa sitaweza kudanganya mara ya pili. Kaa chini.

Nilikuwa na kuku mtetea, ana vifaranga tisa. Osmund alimchukua bila kuniambia ampe Diwani, kwa sababu sungura walikuwa wamekwisha. Nilirudi ziwani nikakuta vifaranga wanalia uani. Nikamsema mpaka majirani wakafunga madirisha. Yeye akaingia chumbani kwa kasha kumhamishia Diwani kwenye pipa. Kisha akaniita, "Tadea, njoo ushike mkia."

Nilikuwa nachambua usipa. Nikamjibu, "Mshike mwenyewe, si ndiye mke wako."

Akaita tena. Hakuita kwa kelele, alisema tu, "Tadea," kama mtu anayeomba chumvi. Nikasikia kasha likigonga ukuta. Nikaendelea kuchambua usipa, Winnie. Niliweka wadogo upande huu na wakubwa upande ule. Nilitaka aje mlangoni aniombe radhi kwa ajili ya kuku.

Nilipoingia mikono yake ilikuwa bado ina manyoya ya yule kuku. Hakunawa, kwa hasira nilizomtia. Nilimfungua mwenyewe, nikianzia mkiani, mzunguko mmoja baada ya mwingine, na nyoka hakunipinga kwa sababu kazi yake ilikuwa imekwisha. Nilimwosha mimi, nikamvika shati la mikono mirefu, nikasema moyo. Waliofahamu walifahamu, wakanisitiri.

Meshack alikuwa na miaka kumi na saba, yuko Songea kwa mjomba wake. Alirudi analia, akakumbatia lile kasha. Angejua angemkatakata, na watu wangeuliza kwa nini, nami ningejibu nini? Nikamwambia huyu ndiye aliyebaki wa babu yako. Nikamwekea ule mkia mikononi. Miaka yote hii anamshika nyoka aliyemuua babu yake, na aliyemfundisha kumpenda ni mimi. Februari alipompakia kwenye pikapu nililala usingizi mzito. Nilikuwa nimemtwika mjukuu wangu mzigo wangu na kumfunga kamba vizuri.

Barua hii mpelekee Meshack asome. Usimtumie mtu. Mimi nikimwandikia hataamini, atasema Bibi anataka kunitisha nimrudishe. Akiisoma mbele yako ataona uso wako. Nenda kabla joto halijapanda. Sijui kuomba, sikufundishwa, lakini hili ninakuomba.

Mbusu Antoni kisogoni, hapo ndipo anapenda.

Tadea

*

Maguu, 29 Oktoba 2024

Shikamoo Bibi,

Nimeshindwa jinsi ya kuanza, kwa hiyo naanza na kosa langu. Barua yako niliipata tarehe nane Septemba. Sikumpelekea.

Nilisema aje kwanza. Nilisema siwezi kumfuata mwanamume aliyechagua nyoka nikaonekana nimekwenda kubembeleza. Kila Jumapili niliiweka barua kwenye mfuko wa gauni, nikisema akija leo nampa. Jumapili sita, Bibi. Niliisoma mwenyewe mpaka ikachanika kwenye mkunjo, ule mstari wa usipa wadogo na wakubwa niliusoma nikalia, na bado sikupanda gari.

Meshack yuko hai. Nimekawia kuliandika hilo, nisamehe.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita. Alikuwa amemwekea jiko la mkaa tangu Agosti mwishoni kama ulivyomwelekeza, na wiki hiyo joto lilikuwa la kutoa jasho hata Mbinga. Asubuhi alichinja kuku wa kupeleka Kitai, halafu akaenda kumtoa Diwani.

Mzee Fakihi alikuwa dukani. Anasema alisikia kutoka stoo, "Winnie. Winnie, njoo." Akafurahi. Alidhani nimerudi. Kisha akasikia mbao zinagonga, akadhani tunagombana, akasema moyoni mambo ya mke na mume hayaingiliwi. Akaongeza sauti ya redio ili asisikie yasiyomhusu. Mteja ndiye aliyemwambia, Mzee, mbona aliyeko kule haitikiwi?

Hakukuwa na gongo, kwake haliingii. Mzee alimwagia nyoka siki ya dukani chupa nne mpaka akaachia. Lakini yeye na yule mteja walianzia kichwani, hawakujua, ndipo mkono ukachanika. Mbavu tatu zimevunjika. Mkono wa kulia daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena. Watu wa Maliasili walikuja watatu wakamchukua Diwani kwenye sanduku lenye milango miwili. Niliihesabu.

Jana nilimpa barua yako. Aliisoma mara moja, akaniomba nimgeuzie uso ukutani.

Aliniita mimi, Bibi. Mimi nilikuwa Maguu nachambua kahawa.

Winnie

*

Mbinga, hospitalini, 6 Novemba 2024

Bibi,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo sasa tunafanana.

Nimejaribu kukumbuka siku ya kwanza uliponipa mkia. Ulisema, "Shika kwa upendo, babu yako alimpenda sana." Nilishika kwa upendo. Nilikuwa nikimwambia siri zangu yule nyoka. Nilimweleza habari za Winnie kabla sijakueleza wewe.

Ungeniambia ningemuua, sawa. Ningemuua nikalia nikamaliza. Ungekuwa umefukuzwa Liuli, au usingefukuzwa. Mimi ningekuwa na vidole vyangu.

Ulinifundisha kila kitu. Kufuli, sabuni, karai. Jambo moja tu lililokuwa na meno ulilificha, kisha ukanishangaa kwa nini sikuogopa.

Winnie nimemwambia arudi kwa mtoto. Sijamfukuza. Sijui nimemfanya nini.

Usije.

Meshack

*

Nje ya wodi, Mbinga, 11 Novemba 2024

Meshack,

Nimekuja. Ulisema nisije, barua ikanikuta nimeshafunga kanga kiunoni, na mimi si mtu wa kufungua fundo kwa sababu ya karatasi.

Siingii. Niko kwenye benchi, mkono wa kushoto ukitoka mlangoni kwenu. Muuguzi anayekupa karatasi hii anaitwa Hyasinti, ana mdomo lakini ana moyo, usimnunie.

Ulichoandika ni kweli, sitaki kukipunguza hata neno. Nilijificha nyuma yako na ulikuwa mtoto. Nimekwenda kwa padri, nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nimewaambia Osmund alikufaje na mimi nilikuwa nafanya nini. Mwenyekiti akasema, "Mama, sisi tulijua." Nikamwambia kujua kwenu hakukumsaidia mjukuu wangu. Wadogo wa babu yako wamekataa nisikanyage kaburini. Wana haki. Nimehamia kwa Kalista.

Winnie usimtwike langu. Yule aliitwa akiwa mbali, hakusikia. Mimi nilikuwa hatua sita nikasikia mara mbili. Alichokosa ni kuchelewa na barua ya bibi mwenye dhambi, na kujivuna kidogo, na wewe hukwenda Maguu hata siku moja ingawa pikipiki unayo. Leo asubuhi amekuja na Antoni. Wako hapa na mimi, mtoto amelala mapajani mwangu, ameninyea kanga. Amesema hataingia mpaka uite.

Mimi pia. Huu uzee wangu hauna kazi nyingine. Usipoita leo nitakuwepo kesho, na benchi hili nimeshajua upande wake usio na msumari. Usipoita kabisa, siku ukitoka utapita mbele yangu na hutalazimika kuniamkia.

Ukiita hata kwa sauti ya kuomba chumvi, nitasikia. Dirisha lako liko wazi na nimewaambia wanaopiga soga hapa nje wanyamaze.

Uji uko kwenye chupa. Kunywa ungali wa moto.

Tadea